Nabii Aliyenuna

Ndugu msomaji, kabla sijaingia kwenye uhakiki wenyewe naomba nikiri jambo moja. Nimeua mtu. Nimemuua kwa kalamu ya bluu, ndani ya kauntabuku, katika sura ya kumi na mbili ya riwaya yangu ambayo mpaka leo haina jina. Ni mwizi wa mashine ya boti. Anazama usiku katikati ya ziwa, peke yake, anaita watu mpaka maji yanamjaa kinywani. Nilipoisoma sura hiyo mbele ya wenzangu wa kikundi chetu cha uandishi, pale Mwanga, walipiga makofi. Mmoja akasema, "Hapo umemkomesha!" Siku ile nililala usingizi mnono.

Wiki mbili baadaye tukapeana zoezi: kila mmoja achague hadithi fupi ya zamani, aihakiki. Mimi nikachagua Kitabu cha Yona, na sababu yangu ilikuwa uvivu tu. Sura nne. Unaanza kusoma chai ikiwa ya moto, unamaliza kabla haijapoa. Sikujua kwamba kitanirudisha kwenye sura yangu ya kumi na mbili na kunikosesha raha.

Tuanze na samaki ili tumalizane naye. Muulize mtu yeyote mwaloni Kibirizi kisa cha Yona kinahusu nini, atakujibu: samaki. Halafu yataanza mabishano. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, ni Baikal peke yake linalolizidi duniani, kwa hiyo wazee watasema huko chini hakuna ajuaye kuna nini. Vijana nao watasema hata sangala mkubwa kuliko wote hawezi kummeza mtoto mchanga, sembuse nabii mzima na ndevu zake. Nimeshuhudia ubishi huo ukichukua saa nzima huku dagaa wakianikwa. Lakini ukifungua kitabu chenyewe, samaki anatajwa kwenye mistari mitatu minne tu: anameza, anatapika, anaondoka zake. Mwandishi hakumjali. Kwake yeye samaki ni chombo cha usafiri.

Kisa ni hiki. Mungu anamwambia Yona aende Ninawi, mji mkubwa wa Waashuri, akaupigie kelele kwa uovu wake. Ninawi iko mashariki. Yona anateremka bandarini Yafa, analipa nauli (mwandishi kakumbuka hata nauli, hapo nilicheka), anapanda merikebu ya kwenda Tarshishi, magharibi kabisa, mwisho wa dunia waliyoijua. Ni kama mtu wa hapa aambiwe nenda Bujumbura, naye, enzi zile Liemba ikisafiri, akate tiketi ya Mpulungu. Huko si kupotea njia. Ni kumgeuzia mtu mgongo akiwa anaongea na wewe.

Kwa nini alikimbia? Tulipokuwa watoto wa mafundisho tuliambiwa aliogopa. Tukaamini, kwa sababu na sisi tulikuwa waoga. Kumbe la hasha! Mwandishi kaificha sababu mpaka sura ya mwisho, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo mbinu kubwa kuliko zote humu ndani. Watu wa Ninawi wameshatubu, Mungu ameshaghairi adhabu, msomaji unadhani hadithi imekwisha unatafuta kofia yako uondoke. Ndipo Yona anafoka. Anasema hili ndilo alilolijua tangu akiwa kwao. Kwamba alikimbia kwa kuwa alijua Mungu huyu ana huruma, si mwepesi wa hasira, na kwamba mwisho wa yote angewasamehe wale watu. Kisha anaomba afe.

Hebu tulia hapo. Mtu anamshitaki Mungu kwa kosa la kuwa na huruma! Na maneno anayoyatumia ni yale yale ya sifa yaliyotamkwa mbele ya Musa mlimani Sinai, katika Kutoka 34, maneno ambayo Waisraeli waliyashika kwa ajili ya kujiombea wao wenyewe. Yona anayatoa kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

Hapa nilitaka kumcheka. Lakini nikafuatilia, nikaona jamaa hana kichaa. Yona bin Amitai anatajwa pia katika 2 Wafalme 14, zama za mfalme Yeroboamu wa pili, na huko ni nabii wa habari njema: alitabiri kwamba mipaka ya Israeli itarudishwa. Alikuwa nabii anayependwa, nabii wa taifa. Sasa anatumwa kwa nani? Kwa Waashuri, ambao mwaka 722 kabla ya Kristo ndio walioiangusha Samaria na kuwachukua watu wake mateka. Wataalamu wengi wanaona kwamba kitabu hiki kiliandikwa baada ya hapo, tena baada ya Ninawi yenyewe kuteketezwa mwaka 612. Kwa hiyo wasomaji wake wa kwanza walijua jambo ambalo Yona ndani ya hadithi halijui: wale wanaosamehewa leo, wajukuu zao watakuja kutuchomea nyumba. Ndani ya mkusanyiko huo huo wa manabii kumi na wawili yupo Nahumu, ambaye kitabu chake kizima ni kushangilia kuanguka kwa Ninawi. Wazee wa Kiyahudi waliviweka vyote viwili, Yona na Nahumu, bila kumfuta mmoja ili mwenzake apumue. Mimi ningekuwa mhariri ningemtoa mmoja.

Na hapa Kigoma nani anahitaji kuelezwa maana ya mji wa adui? Mkoa huu umewapokea Warundi mwaka 1972, ukawapokea 1993, ukawapokea tena 2015. Wakongo tangu 1996 wapo Nyarugusu. Ndani ya mistari ile ile ya maji walisimama watu waliokimbia na watu waliowakimbiza, kila mmoja na ndoo yake. Ujiji nako, ambako misafara ya pembe na watumwa ilijipanga kuelekea Bagamoyo, nani atasema kwa yakini babu wa babu yake alikuwa upande gani wa kamba? Sitaki kwenda mbali zaidi na hili. Nasema tu kwamba msomaji wa mwambao huu akimwona Yona amenuna, asikimbilie kumwita mjinga.

Basi, tuangalie toba yenyewe. Ni ya kushangaza kwa wepesi wake. Yona anaingia mjini, anahubiri mahubiri ambayo kwa Kiebrania, alivyonieleza padri mmoja aliyeisoma lugha hiyo, ni maneno matano tu: siku arobaini, kisha mji utapinduliwa. Hasemi tubuni. Hamtaji Mungu. Hatoi sababu. Ni mahubiri mabovu kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na nimesikia mengi. Pamoja na ubovu huo mji mzima unafunga, mfalme anashuka kitini anakaa kwenye majivu, hata ng'ombe na mbuzi wanavishwa magunia na kunyimwa maji. Mbuzi amevaa gunia anatubu! Nina hakika mwandishi alikuwa anatabasamu alipoandika hapo. Padri akaongeza kwamba neno lile la kupinduliwa kwa Kiebrania linaweza pia kumaanisha kugeuzwa. Kwa hiyo nabii alisema kweli bila kutaka: Ninawi iligeuka. Na toba yenyewe, kwa Kiebrania na kwa Kiarabu alikotupa sisi neno hilo, asili yake ni kurudi.

Sasa linganisha na nabii. Siku tatu ndani ya tumbo la samaki, giza, harufu, na anatunga sala ndefu katika sura ya pili. Isome taratibu. Anashukuru, anaahidi sadaka, anawasema waabudu sanamu. Nimeirudia mara tano nikitafuta mahali anaposema nimekosa. Hakuna. Wapagani wa siku moja wametubu kuliko nabii wa siku tatu. Tena mabaharia wa sura ya kwanza, wapagani vilevile, walipiga makasia kwa nguvu zao zote wasimtupe mtu majini, wakati yeye hakupiga kasia hata moja kwa ajili ya mji mzima.

Hapa inanibidi nimwingize babu yangu. Mimi nimezaliwa nyumba ya dini mbili: mama ni Mkatoliki, baba yake ni Mwislamu wa Ujiji. Nilipomwambia babu nahakiki habari za Yona akaniuliza, "Yunus?" Nikasema ndiye. Akanionya kwanza kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu si riwaya, nisije nikayapa maksi. Nimelishika onyo lake. Ninachosema hapa ni kile tu alichonisomea.

Katika Qur'ani, Yunus anakiri. Sura ya Al-Anbiya inasema aliita ndani ya giza, akamtakasa Mola wake na kusema yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliodhulumu. Dua hiyo Waislamu wanaisoma wakati wa shida. Babu huisoma mashua ikianza kuyumba. Halafu katika As-Saffat, Yunus anatupwa ufukweni akiwa mgonjwa, na Mwenyezi Mungu anamwotesheea mmea wa jamii ya mmung'unye umfunike. Baada ya hapo ndipo anapelekwa kwa watu laki moja au zaidi, nao wanaamini. Mmea uko mwanzoni mwa kazi: ni kivuli cha mtu aliyetubu. Katika kitabu cha Waebrania mmea ule ule (Biblia yetu inasema mtango) unaota mwishoni, baada ya mji kusamehewa, juu ya kichwa cha mtu ambaye hajatubu. Unakaa siku moja. Kesho yake buu anautafuna, unanyauka, jua linampiga Yona utosini.

Mmea mmoja, mahali pawili. Kwa mwandishi chipukizi kama mimi somo hilo lilitosha. Kumbe unaweza kuchukua kitu kile kile, ukakisogeza tu, kikawa rehema au kikawa mtihani.

Babu alipomaliza akaniuliza, "Sasa huyo wa kwenu asipotubu, inakuwaje?" Sikuwa na jibu. Ninachojua ni kwamba Wayahudi wanakisoma kitabu hiki chote sinagogini alasiri ya Siku ya Upatanisho, siku yao kuu ya kutubu. Yaani siku hiyo hiyo wanajisomea hadithi ambamo kila mtu anatubu, mpaka mifugo, isipokuwa mtu wao. Sijui taifa jingine linalojisimanga hivyo kwa hiari.

Sisi tumezoea namna nyingine. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Ndugu wawili wenye wivu wanamtendea Adili ubaya, wanageuzwa manyani, na Adili analazimishwa awapige kila usiku. Mwishowe mfalme Rai anawaombea msamaha, wanarudishiwa ubinadamu wao. Ni hadithi ninayoipenda, nami silinganishi ili nimshushe Mzee Shaaban. Lakini angalia: aliyekosewa pale ni mtu mwema tangu jina lake, anatamani kusamehe, kinachomzuia ni amri kutoka nje. Adili ni mhusika bapa, na majina yote mle yanakuambia nani ni nani kabla hajafungua mdomo. Kwa Yona ni kinyume. Msamaha umeshatoka juu, hakuna anayeuzuia, na aliyebaki nje ya sherehe ni yule aliyekuwa upande wa haki. Hata jina lake ni kejeli: Yona maana yake njiwa, na Amitai linatokana na neno la ukweli. Njiwa mwana wa kweli, naye anatoka nje ya mji, anajenga kibanda upande wa mashariki, anakaa kivulini asubiri aone kama labda moto utashuka.

Nilipofika kwenye kibanda hicho ndipo niliweka kitabu chini.

Mjomba wangu alikuwa na boti moja na mashine moja, na mashine ile ndiyo ilikuwa inikatie tiketi ya kidato cha tano. Nilikuwa nimechaguliwa. Orodha ya vifaa ilikuwa ukutani: godoro, sanduku, sare, nauli. Wiki tatu kabla ya kuondoka, mmoja wa wavuvi wake aliondoka nayo usiku. Tukasikia imeuzwa ng'ambo, Kongo. Orodha ikakaa ukutani mpaka ikafifia. Mimi nikaenda kubeba magunia ya dagaa, na usiku nikaanza kuandika riwaya, na mwizi akaingia humo mwenyewe bila kualikwa.

Baada ya miaka miwili alirudi. Mwembamba, kandambili za rangi mbili. Alisimama mlangoni wakati wa chakula.

"Tajiri, shikamoo."

"Marahaba," mjomba akasema. Akamwangalia muda mrefu. "Umekula?"

"Bado."

Mjomba akaita ndani waongeze ugali. Nusu ya mgebuka wangu ukahamia kwenye sahani yake, nadhani kwa bahati mbaya. Sikula. Nilitoka nikakaa chini ya mwembe, upande wa pili wa njia, ninapoweza kuona mlango, nisubiri nione atakavyotolewa kwa mateke. Walikula. Waliongea kwa sauti ya chini. Kisha yule mtu akalia, mjomba akamtazama tu, halafu akampa maji ya kunawa.

Jioni nilimwuliza mjomba kama hana uchungu. Akasema, "Ulitaka nimpige ndiyo mashine itoke tumboni?"

Msomaji, sasa unaelewa kwa nini nilimzamisha. Na unaelewa kwa nini uhakiki wangu hauwezi kuwa wa mtu aliyekaa pembeni. Mwalimu wangu wa fasihi angeniambia nimechanganya mhakiki na mhusika. Ni kweli. Kiburi nilichokijua kabla ya hapo ni cha mtu mwenye mali au cheo, cha Farao. Kitabu hiki kinaonyesha cha namna nyingine ambacho sikuwahi kukipa jina: kiburi cha aliyedhulumiwa. Mwenye nacho hasemi yeye ni mkubwa. Anasema tu anadai, na kwa vile kweli anadai, hakuna wa kumnyamazisha.

Hata hivyo nina lawama na mwandishi wa Yona, na nitaitoa. Anasema watu wa Ninawi waliacha dhuluma iliyokuwa mikononi mwao. Sawa. Je, na ile iliyokwisha kutoka mikononi? Vilivyoporwa vilirudishwa? Waliodhulumiwa hawasemi neno hata moja katika sura zote nne. Mungu anasema, mfalme anasema, Yona anasema, mbuzi nao nusura waseme. Mjane wa Israeli hayupo. Nilidhani nimegundua tundu ambalo hakuna aliyeliona, mpaka padri aliponiambia marabi wa kale walishaliona. Katika Talmudi wapo wanaosema Waninawi walitubu sawasawa: aliyeiba boriti akaijengea jumba, alilibomoa jumba zima ili airudishe boriti kwa mwenyewe. Na wapo marabi wengine, wa Talmudi ya Yerusalemu, waliosema ile ilikuwa toba ya ujanja: kilichokuwa mkononi walirudisha, kilichokuwa sandukuni hawakurudisha. Nilifurahi kupita kiasi kusikia hivyo. Nikamwona rabi wa sanduku kuwa ndugu yangu kabisa.

Mwizi wetu hakuwa na boriti wala sanduku. Mjomba alimrudisha botini, na kila mgawo wa dagaa anakatwa kidogo. Nimepiga hesabu: kwa mwendo huu deni litaisha baada ya miaka tisa. Nafasi ya kidato cha tano haimo kwenye hesabu hiyo. Hakuna mgawo wa dagaa wa kulipia kitu hicho.

Turudi kwenye kibanda, maana kitabu kinaishia hapo. Mmea umenyauka, Yona kakasirika, anataka tena kufa. Mungu hamchomi moto. Hamwiti mwenye dhambi. Anamwuliza maswali tu, kwa upole, kama mtu mzima anavyomwuliza mtoto aliyenuna nyuma ya nyumba. Wewe umeuhurumia mmea usioupanda. Mimi je, nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kulia kwao wala kushoto, na wanyama wengi? Huo ni muhtasari wangu. Kitabu kinakoma kwenye swali hilo, na wa mwisho kabisa kutajwa ni wanyama. Hatuambiwi Yona alijibu nini. Nilifungua ukurasa unaofuata nikidhani kuna kipande kimechanika kwenye Biblia ya mama, nikakuta Mika.

Wenzangu wawili wa kikundi wanasema huo ni udhaifu wa fani, kwamba mwandishi alichoka. Mimi napinga. Angemalizia kwa Yona kutubu, tungesema haya, hadithi njema, tukaenda kulala. Angemalizia kwa Yona kuadhibiwa, mwandishi mwenyewe angekuwa Yona, maana angekuwa amemnyima mtu yule ile huruma anayoihubiri. Njia iliyobaki ilikuwa kumwacha pale juani na swali. Miaka elfu mbili na zaidi imepita, bado yuko pale. Ninawi ya zamani leo iko ndani ya mji wa Mosul, Iraki. Msikiti wa Nabii Yunus uliokuwa juu ya kilima chake ulilipuliwa mwaka 2014, na waliolipua waliamini wanasimamia haki.

Nimejaribu kuiandika upya sura ya kumi na mbili. Mwizi yumo majini, anaita. Nimeweka taa ya mtumbwi kwa mbali. Nimeweka mtu ndani ya mtumbwi, kijana, amesikia, ameshika kafi. Nimekwama hapo mwezi wa pili sasa. Kikundi kinaniambia nisiharibu sura nzuri.

Juzi nilimsomea mjomba ile ya kwanza, yenye kuzama. Alikuwa anashona nyavu, hakuinua kichwa mpaka nilipofika mwisho, mpaka kimya kile kilichopigiwa makofi.

"Kwa hiyo na mashine ilizama?" akauliza.

Nikasema ndiyo, ilikuwa kwenye boti.

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaendelea kushona.